Lugha ya Ufundi na Mafunzo ya Walimu wa Vyuo vya Wananchi

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa Tanzania mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa Sweden, ili watu wazima wajipatie ujuzi kwa Kiswahili. Wilaya ya Bunda, ilimo Mugeta, ina chuo cha namna hiyo huko Kisangwa.

Mwalimu wa vyuo hivi mara nyingi huwa fundi kwanza, mwalimu baadaye. Mkono wake waijua kazi. Kuieleza ni jambo jingine. Katika uashi, timazi huonyesha kama ukuta umesimama wima. Pimamaji huonyesha hasa kama mstari wa matofali umelala sawa. Mwalimu akisema tu “weka sawa”, kijana wa Mugeta aliyekulia katika lugha ya kwao hajui ni usawa upi utakiwao, na kosa huonekana ukuta ukiisha kupanda.

Kwa hiyo mafunzo ya kuwaendeleza walimu hawa yasiishie kwenye zana. Yafaa wazoezwe pia kupambanua maneno, kuuliza maswali, na kumtaka mwanafunzi aeleze kwa kinywa chake alilolitenda. Asiyeweza kuitaja tofauti hurithisha mazoea yake tu, wala si ujuzi.