Kilichoongezwa Njiani

Msimu wa korosho, mkulima wa Nanyamba, mkoani Mtwara, hupeleka mzigo wake AMCOS, chama chake cha ushirika, ukapimwa, ukafungwa kwenye magunia, kisha lori likaupeleka ghala kuu kusubiri mnada. Mzigo ukishushwa daraja, swali ni moja: kilichofungwa huku ndicho kilichofunguliwa kule? Machi 2024 watengenezaji wa Linux walijikuta wakiulizana swali hilohilo, na jibu lilitisha.

Programu huria nazo zina shamba na gunia. Shamba ni hazina ya msimbo chanzo, ambako kila badiliko liko wazi kwa anayetaka kutazama. Gunia ni furushi la toleo, ambalo wasambazaji wa Linux kama Debian na Fedora hulipakua, wakalikompaili na kuwagawia watumiaji. Kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mashine ya Linux, mafaili mawili ya majaribio yalilala shambani yakionekana kama data ya kawaida ya majaribio tu. Maelekezo ya kuyafumua yalikuwa guniani peke yake, katika faili liitwalo build-to-host.m4. Furushi lilipojengwa, mlango wa nyuma ulishonwa ndani ya maktaba liblzma, ukafika hadi kwenye SSH, ambayo wasimamizi huitumia kuingia kwenye seva wakiwa mbali. Aliyefanya hivyo alijiita Jia Tan. Alikuwa ameuchangia mradi huo tangu 2021, akaaminiwa.

Kinachonisumbua zaidi ni nukta moja. Kabla ya kujengwa, programu hujipima: hukompaili kipande kidogo cha msimbo ili kujua kama mashine ina kinga fulani. Kipande kikishindwa, huhesabu kwamba kinga haipo na kuendelea bila hiyo. Ndani ya kipimo cha xz cha kinga ya Landlock, katika njia ya ujenzi ya CMake, paliwekwa nukta mwanzoni mwa mstari. Jaribio likawa linashindwa kwenye kila mashine, kinga ikazimika, na ujenzi ukamalizika kama kawaida.

Kwa hiyo ujenzi ukikwama, usisome mstari wa mwisho wa skrini. Panda juu hadi kosa la kwanza, maana mengi yanayofuata ni watoto wake. Na usipokwama, fungua config.log au kumbukumbu za CMake. Ukiona “no” mahali ulipotarajia “yes”, simama hapo hapo uulize kwa nini.

Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mtengenezaji wa PostgreSQL, aliuliza. Kuingia kwa SSH kulikochukua sekunde 0.299 kulikuwa sasa kunachukua 0.807. Akakumbuka pia malalamiko ya Valgrind, zana ya kukagua programu, aliyoyaona majuma machache nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, ila hapa maradhi hufichwa kwa siku chache kwa makusudi, dawa itangulie. Freund aliwaarifu kwanza walinzi wa usalama wa Debian na wenzao faraghani, kisha Machi 29 akatangaza hadharani. Udhaifu ukapewa namba CVE-2024-3094 na alama 10 kati ya 10. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yameingia kwenye matawi ya majaribio, si kwenye Debian imara. Ubuntu ilijenga upya vifurushi vyote vya toleo la 24.04 vilivyokuwa vimejengwa baada ya msimbo huo kuingizwa kwenye xz, na kusogeza toleo la beta kutoka Aprili 4 hadi 11.

Kiraka kikishatangazwa, bado kina safari ya kufika Mtwara. Mei 12 mwaka huohuo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania. Furushi likikatikia njiani, xz yenyewe hulalamika: “Unexpected end of input”. Fundi anaweza kupoteza jioni nzima akitafuta kosa kwenye msimbo, kumbe gunia halikujaa. Endesha amri ya sha256sum, linganisha namba inayotoka na iliyotangazwa na wenye programu, ndipo ukompaili. Namba zikitofautiana, pakua upya. Zikiendelea kutofautiana na mtandao uko sawa, usilifungue furushi hilo: waandikie wenye programu kwa faragha, na uwaarifu TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kabla ya kulitaja kwenye kundi lolote la WhatsApp.