Fahamu: Kwa nini kabambe hutuma pesa bila intaneti

Mkulima wa mahindi wa Naitiri, Bungoma, hulipwa kupitia kabambe, yaani simu ya kawaida isiyo na intaneti. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipozinduliwa Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini ya simu, kichipu ambacho kumbukumbu yake huhesabiwa kwa kilobaiti. Humo hakuna nafasi ya maringo. Ombi la kutuma pesa nalo husafiri kama ujumbe mfupi, si kwa intaneti, na ujumbe mmoja hubeba baiti 140 tu, yaani herufi 160, nafasi zikiwemo.

Kigumu zaidi ni hitilafu. Mtandao ukikatika katikati, simu yenyewe haijui kama pesa zimeondoka. Anayejua ni seva, ambayo huupa kila muamala msimbo wake. Jibu likichelewa, usikimbilie kutuma tena. Angalia salio kwanza.