Kinywaji Ni cha Nani?

Meli za anasa zinazotia nanga Mombasa na Unguja zikiwa zimebeba watalii zina kanuni moja ambayo huwashangaza abiria wanaosafiri kwa mara ya kwanza. Abiria hana ruhusa ya kupanda na kinywaji chake apendavyo. Kampuni kadhaa humruhusu kila mtu mzima chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, tena siku ya kwanza ya safari tu. Akitaka kuinywa mezani katika ukumbi wa chakula, hutozwa ada ya kuzibuliwa, ingawa mvinyo ni wake na kizibo ni chake. Akishuka bandarini akanunua chupa ya pombe kali, hupokelewa mlangoni ikaandikwa jina lake na kuwekwa ghalani hadi safari ikaribie kwisha.

Sababu haijifichi. Kampuni hizi hushindania wateja kwa kupunguza nauli, kisha hujaza pengo hilo kwa vinywaji, michezo ya kamari na matembezi ya bandarini. Bilauri moja ya mvinyo melini yaweza kuuzwa kwa bei ambayo dukani ingemnunulia mtu chupa nzima. Abiria aliyekuja na kreti yake angekuwa ameitoboa meli chini.

Mkazi wa Cheptais atauliza: mimi na meli, wapi na wapi? Mji wake umekaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika kaunti ya Bungoma, hatua chache kutoka mpaka wa Uganda na mamia ya kilomita kutoka baharini. Hata hivyo, swali ambalo kanuni ya meli imelijibu kwa ukali ndilo linalowasumbua watu wa huku kila siku, wala halijapata jibu. Watu wakikutana kunywa, kinywaji ni cha nani? Ni cha aliyekileta, cha mwenye nyumba, au cha muuzaji? Na kikimdhuru mtu, nani aulizwe?

Zamani jibu lilijulikana. Miongoni mwa Wabukusu, na vivyo hivyo kwa majirani zao Wasabaoti, pombe ya chungu ilikuwa ya mwenyeji. Mgeni hakuja na pombe. Alikuja na mrija. Mzee aliyejiheshimu alikuwa na mrija wake mrefu, ncha yake ikiwa na kichujio kilichosukwa, naye aliuhifadhi kwa uangalifu ndani ya ala kama mwalimu anavyohifadhi miwani yake. Chungu kiliwekwa katikati, maji ya moto yakaongezwa kila kilipopungua, na wazee wakakizunguka. Kabla ya yote mwenyeji alionja kwanza, na wote wakamwona akionja. Tendo hilo dogo lilikuwa na uzito wa hati. Ilikuwa ni kusema: nimekipika mimi, nimekinywa mimi, na lolote likitokea nyumbani kwangu mnanijua.

Lugha yenyewe imehifadhi mtazamo huo. Kibukusu huiita pombe kamalwa, na kiambishi chake ni kile kile tunachokisikia katika kamechi, maji, na kamabele, maziwa. Yaani pombe imewekwa katika ngeli moja na vimiminika vya nyumbani, vile ambavyo mgeni hupewa bila kuulizwa ana pesa ngapi. Ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Uganda, jina malwa lajulikana na kila mtu. Tofauti na hayo, mvinyo ni neno lililoletwa Uswahilini na meli za Wareno, na divai ni la Kifaransa. Maneno hayo mawili yalishuka bandarini yakiwa tayari yamo ndani ya chupa, na chupa ina mwenyewe.

Sisemi kwamba enzi za chungu zilikuwa peponi. Walevi walikuwapo, na wake zao walijua. Isitoshe, chungu kimebadilika. Busaa, ambayo ni unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi, sasa huuzwa kwa kikombe. Chang'aa hutoneshwa, aghalabu kwa sukari guru ambayo katika nchi hii ya miwa si adimu. Kutoka Uganda huja waragi. Wengi husema jina hilo lilitokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Mimi naliona karibu zaidi na araki ya Kiarabu, ambayo askari wa Kinubi wangeweza kuja nayo kutoka Sudani. Watu wa mpaka huu, ambao katika miaka ya 1976 na 1977 waliona kahawa ya magendo ikigeuka dhahabu katika soko la Chepkube, hawahitaji kufundishwa kwamba bidhaa moja yaweza kuwa halali upande huu wa mto na haramu upande ule.

Sheria nayo imekuja na jibu lake, na jibu hilo ni la meli. Mwaka wa 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kabisa. Mwaka wa 2010 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kudhibiti vileo, ile ambayo wananchi waliibandika jina la Mututho, na marufuku hiyo ikafutwa. Tangu hapo chang'aa si haramu kwa jina lake. Linalotakiwa ni kwamba yeyote atengenezaye au auzaye kileo awe na leseni, chombo kisipungue mililita 250, mnunuzi awe ametimiza miaka 18, na baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Katiba ya mwaka huo huo ikazikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo.

Masharti hayo ni mazuri, hasa hilo la shule. Lakini yanamwona muuzaji na mnunuzi peke yao. Mwenyeji hayumo. Mama anayepika busaa jikoni pake ili alipe karo hana mtaji wa kiwanda wala wa chupa, kwa hiyo leseni haimfikii. Hubaki anapika usiku na kumhonga anayepita mchana. Naye Mbukusu anayempasha mwanawe tohara katika Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili hufanya khuchukhila, yaani kijana kutia maji katika unga wa pombe ya sherehe, bila kuuza hata tone moja. Je, huyu ni mtengenezaji? Kwa maneno matupu ya sheria ni mtengenezaji.

Hapa ndipo ninapogombana na magazeti yetu, hili likiwamo. Tumezoea kuandika "pombe haramu" na kutia ndani yake kila kitu ambacho hakina kibandiko: busaa ya bibi arusi, chang'aa ya kichochoroni na sumu ya methanoli. Watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, na wengine wengi katika Embu, Kiambu na kwingineko Mei 2014. Kilichowaua ni methanoli, ambayo mwilini hugeuka asidi ya fomiki na kuushambulia mshipa wa fahamu wa jicho, ndiyo maana wahasiriwa hulalamika kwanza kwamba taa zimezimwa. Methanoli kwa kiasi cha kuua haitoki katika kimea cha wimbi. Hutiwa na mfanyabiashara aliye mbali, asiyeonja anachokiuza, na baadhi ya pombe zilizoua mwaka wa 2014 zilikuwa ndani ya chupa. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," walisema Waswahili, na kibaya hiki kilijitembeza kikiwa kimevaa vizuri.

Kwenye meli, abiria ana mtu wa kumshtaki, kwa kuwa kampuni imejitwika kinywaji chote. Kwenye chungu, alikuwapo mwenyeji aliyeonja. Mnywaji wa kichochoroni hana huyu wala yule, na jina "haramu" linamsaidia muuaji wake kujificha nyuma ya mama mpika busaa.

Walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi insha juu ya madhara ya pombe karibu kila muhula. Katika madarasa ya Cheptais wamo watoto ambao karo yao, na pengine sare waliyovaa, ilitoka chunguni. Mtoto huyo huandika kwamba wapikaji pombe ni maadui wa taifa, kwa sababu anajua ndiyo sentensi inayopata alama, kisha jioni hurudi nyumbani kuchota maji ya kupikia. Ningependa mwalimu ampe swali lililo gumu zaidi: aeleze tofauti kati ya pombe isiyo na leseni, pombe iliyotiwa sumu na pombe ya sherehe, kila moja kwa jina lake, na aseme ni nani anayewajibika kwa kila moja. Madiwani wa Bungoma, ambao ndio wenye mamlaka ya leseni, wangeweza kuazima majibu hayo watakapoketi kuandika kibali cha gharama nafuu cha busaa na cha sherehe.