Texas Tornados: Wakongwe Wanne wa Texas
Texas Tornados ni bendi iliyoundwa mwaka 1989 na wanamuziki wanne waliokuwa tayari na majina yao: Doug Sahm, Augie Meyers, Freddy Fender na Flaco Jiménez. Wote ni wazaliwa wa Texas, jimbo la Marekani linalopakana na Meksiko, na muziki wao ni wa mpakani hasa. Roki, bluzi, kantri na nyimbo za dansi za Wameksiko wa Texas zimo humo, kwa Kiingereza na Kihispania, wakati mwingine ndani ya wimbo mmoja.

Sahm na Meyers walivuma mwaka 1965 wakiwa Sir Douglas Quintet. Enzi hizo bendi za Uingereza ziliteka redio za Marekani, basi prodyuza wao akawabandika jina la Kiingereza ili wadhaniwe wametoka huko. Fender, aliyezaliwa Baldemar Huerta, alifungwa kwa kosa la bangi alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kung'ara. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla wimbo wake Before the Next Teardrop Falls haujashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1975.

Jiménez ndiye aliyeipa bendi ladha yake. Alipiga kodiani ya vitufe, ndugu ya ile wanayoijua wapenzi wa taarabu. Wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki waliingia Texas na kodiani na polka katika karne ya 19. Wameksiko wakaipokea, wakaiambatanisha na bajo sexto, gitaa nene la nyuzi 12, na hapo ukazaliwa muziki wa conjunto. Santiago, baba yake Flaco, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Albamu ya kwanza ya Texas Tornados ilitoka mwaka 1990 katika matoleo mawili, la Kiingereza na la Kihispania. Soy de San Luis, utunzi wa mzee Santiago, ukawapatia tuzo ya Grammy. Uzuri wa albamu hiyo ni kwamba hakuna aliyejipunguza ili kumpisha mwenzake: kila mmoja aliimba alichokijua tangu ujana, na wengine watatu wakamfuata.

Sahm alifariki mwaka 1999, Fender mwaka 2006. Shawn, mwana wa Sahm, alishika nafasi ya baba yake, na mwaka 2010 ikatoka albamu Está Bueno!, yenye nyimbo ambazo Fender alikuwa ameziimba na kuziacha kwenye kumbukumbu za studio.