Ufunguo wa gari si chuma tu: somo nililolipata Nizwa

Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba nilimchukua mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja, tukaenda Nizwa kuangalia soko la mbuzi. Tulizunguka, tukanunua halwa na asali, tukarudi kwenye gari. Nikatia mkono mfukoni mwa kanzu: mfuko mtupu. Tukarudi kote tulikopita, tukauliza kila duka. Hakuna aliyeuona ufunguo.

Gari limefungwa, na ndani yake mna kikapu cha mama chenye insulini na barafu inayoyeyuka. Nyumbani ni Seeb, mwendo wa zaidi ya saa moja. Ufunguo wa pili sikuwa nao. Gari nililinunua kwa mtu miaka mitatu kabla, akanipa ufunguo mmoja, nami nikasema mwengine nitachonga siku nikipata nafasi.

Mama akaniambia, "Mwanangu, si umwite mtu akuchongee mwengine? Darajani wanachonga hapo hapo, unangoja."

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata baadaye siku ile, na ndilo ninalotaka kuwaeleza wasomaji, kwa sababu najua katika familia zetu za huku Ghuba wako wengi wenye gari la ufunguo mmoja.

Kazi mbili ndani ya ufunguo mmoja

Ufunguo wa zamani ulikuwa chuma kitupu. Meno yake yakilingana na vipande vilivyomo ndani ya kitasa, kitasa kinazunguka, gari linawaka. Huo kweli unachongwa kwa dakika tano popote, na mwizi naye alikuwa na njia nyepesi: akivunja swichi na kuunganisha nyaya, gari linaondoka.

Kwa ajili ya wizi huo watengenezaji wakaongeza kitu cha pili. Mwaka 1986 Chevrolet Corvette ilitoka na ufunguo wenye kipande kidogo cha umeme juu ya chuma chake. Gari lilipima kipande hicho kabla ya kukubali kuwaka. Baadaye ikaja chipu, na kuanzia mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukalazimisha magari mapya ya abiria yawe na mfumo wa kuzuia injini, ambao mafundi wanauita imobilaiza. Leo magari mengi tunayoendesha huku yanao.

Chipu yenyewe ni ndogo, na imefichwa ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo. Katika funguo nyingi za kuzungusha, haitumii betri. Kwenye swichi kuna koili ya waya. Ukitia ufunguo, koili inaipa chipu nguvu kidogo kwa mawimbi, na chipu inajibu kwa namba yake. Kompyuta ya gari ikiitambua namba hiyo, inaruhusu injini. Isipoitambua, stata inaweza kuzunguka, hata injini ikashika kwa sekunde moja mbili, kisha inazima. Ndiyo maana ufunguo uliochongwa chuma tu utafungua mlango, lakini hautakufikisha nyumbani.

Vile vitufe vya kufungia milango ni jambo jengine tena. Hiyo ni rimoti, na hiyo ndiyo inayotumia betri. Rimoti ikifa, ufunguo wa kuzungusha bado utawasha gari, kwa sababu chipu haihitaji betri hiyo.

Aina ya mwisho ni ule ufunguo unaokaa mfukoni tu, gari linawashwa kwa kitufe. Gari linauita ufunguo kwa mawimbi, nao unajibu. Betri yake ikiisha usihangaike: ndani yake kwa kawaida mmefichwa ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Ukishaingia, kanyaga breki, usogeze ufunguo karibu kabisa na kitufe cha kuwashia, kisha ukibonyeze. Katika baadhi ya magari kuna mahali maalumu pa kuuweka. Kitabu cha gari kinaonesha.

Alichofanya fundi

Wenye duka walimkaribisha mama kahawa na tende, na mmoja wao akampigia simu fundi wa funguo, kijana kutoka Kerala. Kabla ya kugusa gari aliniomba mulkiya na bataka. Mulkiya ilikuwa ndani ya gari, lakini picha yake nilikuwa nayo kwenye simu. Msikasirike mkiombwa hivyo. Fundi asiyeuliza gari ni la nani atamfungulia na mwizi.

Mlango aliufungua kwa dakika kumi, bila kuvunja kitu. Mama akapata kikapu chake, moyo wangu ukatulia. Kazi iliyobaki ilikuwa ndefu. Kwanza alikisoma kitasa cha mlango kwa kifaa chembamba mpaka akajua meno yalivyo, akachonga chuma kwa mashine iliyokuwa garini mwake. Kisha akachomeka kompyuta yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akaifuta ile namba ya zamani na kuandikisha chipu mpya.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini bei inapanda. Ukiwa bado na ufunguo mmoja unaofanya kazi, gari linakuamini, na kuongeza wa pili mara nyingi ni kazi fupi. Ukipoteza zote, gari halimjui mtu yeyote, na fundi lazima aanze upya. Nililipa riali 70. Ufunguo wa pili, tulioutengeneza pale pale, aliniongezea riali 15 tu. Kama ningefanya mapema ningelipa hizo 15, au zaidi kidogo, na nisingekaa Nizwa mpaka karibu na Alasiri.

Jambo jengine alilonieleza: kwa kuwa namba ya zamani imefutwa, atakayeuokota ufunguo wangu hataweza kuwasha gari. Lakini meno ni yale yale, kwa hivyo mlango bado ataufungua. Tangu siku hiyo siachi kitu cha thamani ndani.

Ukinunua gari mkononi

Mdai muuzaji funguo zote mbili. Akisema upo mmoja tu, punguza bei kwa kiasi cha kutengeneza wa pili, na uutengeneze wiki hiyo hiyo. Mwambie fundi aangalie kompyuta ya gari ina funguo ngapi zilizoandikishwa, maana magari mengi yanaonesha. Ikiwa zimo tatu na wewe unao mmoja, basi mbili ziko kwa watu usiowajua. Afute zote, aandikishe zako.

Tafuta pia kibati au kikaratasi chenye namba ya ufunguo, ambacho baadhi ya magari huja nacho yakiwa mapya. Kwa namba hiyo meno yanachongwa bila ya kubahatisha. Kiweke nyumbani, kisikae garini.

Na tahadhari na rimoti za bei rahisi zinazouzwa kwenye intaneti. Rimoti nyingi za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ghuba hutumia mawimbi ya megahezi 433, lakini gari hilo hilo likiwa limeletwa kutoka Marekani mara nyingi hutumia 315. Yaliyotoka Japani, kama yale wanayonunua ndugu zetu Unguja na Dar es Salaam, nayo yako karibu na 315. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama pacha na gari lisiisikie moja. Mpe fundi namba ya chesisi kabla hujanunua.

Wenye magari ya kitufe wana jambo moja zaidi. Wako wezi wanaotumia vifaa viwili kulichukua wimbi la ufunguo ulioachwa karibu na mlango wa nyumba na kulifikisha kwenye gari lililo nje, gari likadhani mwenyewe amefika. Usitundike ufunguo mlangoni. Uweke ndani zaidi, au kwenye kimfuko maalumu kinachozuia mawimbi.

La mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote. Ikiwa ufunguo umefungiwa ndani pamoja na mtoto, usingoje fundi wala usihesabu bei ya kioo. Kwa joto la huku dakika chache zinatosha kumdhuru. Piga simu polisi, Oman ni 9999 na Imarati ni 999, na hali ikiwa mbaya vunja kioo cha dirisha lililo mbali na alipokaa.

Ufunguo wangu wa pili sasa uko nyumbani, ndani ya kabati la mama watoto, si kwenye gari wala kwenye mfuko ule ule. Mama alipokuwa anaondoka kurudi Unguja aliniuliza uwanjani, "Na ule wa pili uko wapi?" Nikamjibu upo. Akasema, "Basi mwambie na kaka yako, na yeye anao mmoja."