Gari lenye kilomita nyingi: je, oili nzito itaokoa injini?

Magari mengi yanayobeba abiria kati ya Gitega na Muyinga yalifika Burundi yakiwa yameshatumika miaka mingi. Barabara ya kupitia Karuzi ina vilima, na injini iliyochoka huanza kula oili. Iwe gari ni lako au la tajiri unayempelekea hesabu kila jioni, pengine fundi ameshakuambia uweke oili nzito. Ushauri huo unaweza kusaidia, lakini oili haitengenezi injini iliyochakaa.

Namba kwenye kopo zina maana gani?

Chukua mfano wa 10W-30. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inahusu oili ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi unapowasha gari kwenye baridi kali. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikiwa ya moto, kwenye nyuzi joto 100. Kwa hiyo 15W-40 ni nzito kuliko 10W-30. Gitega na Muyinga hakuna baridi ya kugandisha, hivyo 15W haileti shida asubuhi.

Kwanza jua oili inakwenda wapi

- Matone chini ya gari: inavuja kwenye gasketi au sili.
- Moshi wa bluu: inaungua ndani ya injini.
- Moshi mweupe usioisha, na maji ya rejeta yanapungua: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo oili nzito haisaidii kitu.

Kama injini haipunguzi oili, baki na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama unaongeza mara kwa mara, panda ngazi moja tu, kutoka 30 hadi 40. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika sehemu za juu za injini unapowasha, na vyuma husagana. Pia huongeza kidogo matumizi ya petroli, na unajua jinsi petroli inavyopatikana kwa shida.

Pima mwenyewe

Migodi na kampuni kubwa za malori hupeleka oili iliyotumika maabara. Chuma kikizidi, silinda au ringi zinalika. Shaba na risasi huonyesha beringi. Silikoni mara nyingi ni vumbi lililopita filta ya hewa. Bila maabara, unaweza kufanya haya:

1. Kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, angalia kijiti cha oili. Andika kwenye daftari tarehe, kilomita na kiasi ulichoongeza. Kiasi kikizidi kupanda, injini inakuonya.
2. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, uiache mpaka kesho. Doa jeusi zito lililobaki katikati linaonyesha masizi mengi: badilisha oili na filta.
3. Oili yenye rangi ya maziwa huenda imeingia maji. Usiendeshe, ita fundi.
4. Ukiona chembe zinazong'aa au ukisikia harufu ya petroli, mwonyeshe fundi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Usiweke oili nzito ili taa izimike tu. Beringi zitaendelea kuisha.

Oili chafu usiimwage bondeni wala karibu na kisima. Iweke kwenye kidumu chenye kifuniko, mbali na watoto, uipeleke gereji.