Mjukuu Asiyelala Usiku: Malezi ya Subira kwa Bibi na Babu

Katika vihamba vingi vya Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, malezi ya watoto wadogo yamo mikononi mwa bibi na babu. Baadhi ya wazazi wapo Dar es Salaam au Arusha wakitafuta riziki, wengine wametengana, na wengine wamekwisha kuitwa na Bwana. Mtoto wa miaka mitatu huletwa mlimani, na baada ya siku chache bibi huona asiyoyatarajia: mtoto hulia usiku wa manane, hukojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha, huwauma wenzake na kususa chakula. Ni rahisi kusema kwamba amedekezwa mjini, au kwamba amerogwa.

Wapendwa, mtoto wa umri huo hana maneno ya kueleza kwamba anamkosa mama yake. Huzuni yake huisema kwa machozi, kwa hasira na kwa kukosa usingizi. Kabla ya kumwonya, yafaa kumtuliza. Ndivyo Mungu alivyomtendea nabii Elia alipokata tamaa jangwani: aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena na kulishwa mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye, mlimani Horebu (rej. 1 Fal 19).

Tuanze na usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linaeleza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Basi mtoto anayeamshwa saa 12 asubuhi alale kabla ya saa 2 usiku. Mambo yafuatane kwa mpangilio uleule kila siku: chakula, kunawa, sala fupi, hadithi, kisha kitandani. Chai ya majani na kahawa asipewe jioni, na simu na runinga zizimwe mapema. Kwa baridi ya mlimani, apate blanketi la kutosha.

Akipiga mayowe saa za mwanzo za usingizi bila kukutambua, usimtikise wala kumkemea. Mlinde asijiumize, atatulia mwenyewe, na asubuhi hatakumbuka. Akiamka kwa ndoto mbaya, mkumbatie na kumhakikishia kwamba upo. Anayekojoa kitandani asiaibishwe mbele ya wenzake.

Wapo wanaomnywesha mtoto mbege au dawa ya mafua ili alale. Hilo ni hatari kubwa, kwa maana vitu hivyo vyaweza kudhoofisha upumuaji wake.

Kuhusu tabia, kanuni ziwe chache na zifanane kwa wote nyumbani; bibi asikataze kile ambacho babu anaruhusu. Mtoto apongezwe anapotenda vema, na anapopiga wenzake azuiwe kwa sauti tulivu. Fimbo humwongezea hofu yule ambaye tayari anaogopa. Zaidi ya yote, asitishwe kwa maneno kama “mama yako hakutaki” au “nitakufukuza”. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja huyaamini maneno hayo.

Wazazi walio mbali nao wana wajibu. Wamuage mtoto waziwazi badala ya kutoroka akiwa amelala, wapige simu siku waliyoahidi, na wasiseme watakuja Noeli ilhali wanajua hawatakuja. Aliyefiwa aelezwe ukweli kwa maneno mepesi, asiambiwe kwamba mama amesafiri.

Pamoja na hayo, si kila tatizo ni la huzuni. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekatika pumzi usingizini, anayepatwa na degedege au anayejikuna sehemu ya haja kubwa usiku apelekwe zahanati au kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa yule ambaye hali yake haibadiliki baada ya wiki kadhaa. Inapohitajika, wataalamu watampa rufaa kwenda hospitali kubwa kama KCMC.

Tusisahau kwamba bibi naye ni mzee, na usiku asiolala humdhoofisha. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Jumuiya Ndogo Ndogo inaposali nyumbani kwake, iulize pia nani atamshika mtoto mchana mmoja ili bibi apumzike, na nani atampeleka kliniki.

Kila tarehe 26 Julai Kanisa huwakumbuka Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, na tangu mwaka 2021, kwa agizo la Baba Mtakatifu Francisko, Jumapili ya nne ya Julai ni siku ya kuwaombea mababu, mabibi na wazee. Heshima hiyo ionekane pia katika msaada tunaowapa, hasa wale wanaokesha na wajukuu usiku.